Mikono ya Somo

Tulipokuwa tukimwosha Halati Saada, mapema mwaka huu, katika chumba cha nyuma cha nyumba yake ya Muyeye, Bi Zena aliuinua mkono wa kulia wa marehemu, akaukunjua, akapitisha kidole gumba chake katikati ya kiganja na kusema, "Mashallah, mikono laini kama ya bi harusi." Wanawake waliokuwa wakimimina maji ya majani ya mkunazi waliitikia mashallah. Halati Rahma, mdogo wake marehemu, alikuwa amesimama mlangoni na ncha ya leso mdomoni, na aliposikia maneno yale akaanza kulia kwa sauti. Mimi sikulia. Nilishika kata yangu na kutazama maji yanavyotambaa juu ya saruji kuelekea tundu la ukutani, na nikahisi hasira ambayo haikufaa chumba kile. Bi Zena ni mwoshaji wa siku nyingi, mwanamke mwema, na alichosema kilikuwa sifa. Hakuwapo Malindi mwaka ule. Halati Rahma alikuwapo, na mimi nilikuwapo, na kwa hivyo sifa ile ilitupata sisi wawili peke yetu.

Mwaka ninaousema ni ule niliorudi kutoka chuo kikuu na shahada ya biolojia na bila kazi. Mambo ya ukoo nitayaruka, maana katika ukoo wetu kila anayesimulia huanza na babu aliyetoka visiwani na hafiki alikokuwa akienda. Itoshe kusema kwamba Halati Saada alikuwa dada wa mama yangu, hakuwa na mtoto, na alikuwa somo. Kwa wasiojua, somo ni mwanamke anayemtengeneza bi harusi: humsinga mwili kwa singo siku kadhaa kabla ya ndoa, humfukiza udi, humpamba, na humfundisha yale ambayo mama hawezi kumwambia binti yake usoni. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kusugua. Singo ni unga wa liwa, yaani mti wa manukato, maua yaliyokaushwa, maganda ya machungwa na karafuu, unaolowekwa kwa marashi ukawa kama uji mzito, na somo huupaka mwilini, huuacha ukauke kidogo, kisha huusugua kwa viganja mpaka utoke vipande vipande na uchafu wote wa ngozi. Mabinti wengi wa kizazi changu katika mji ule walifika kwa waume zao wakiwa wamepitia mikononi mwa halati yangu.

Nilipewa chumba cha kati, ambacho kilikuwa ndiyo ghala la kazi yake. Nililala kati ya magunia madogo ya maua makavu, jiwe la kusagia liwa, chetezo chenye majivu ya udi, na safu ya chupa za marashi juu ya kabati lisilofunga. Nguo zangu zote zilinuka harusi. Nilikwenda kuomba kazi katika ofisi za Malindi na Kilifi nikinuka harusi, na nadhani wako walioniuliza maswali machache kwa sababu hiyo, wakifikiri nimeshapata mtu wa kunilisha. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi na mahamri kwa mbaazi za nazi. Yeye ndiye aliyeukanda unga. Ilikuwa siku moja ya kiangazi, mwanzo mwanzo wa kukaa kwangu pale, nilipomwona ametoa mikono kwenye bakuli la unga ghafla, akaibana katikati ya magoti na kufumba macho. Nilidhani amejikata. Alisema, "Hamira yaniuma leo." Nilimshika kiganja nikakigeuza. Ngozi ilikuwa ngumu, ya kijivu, imepasuka kufuata mistari ya mkono, na ndani ya kila ufa mlikuwa na wekundu kama wa nyama. Kwenye vifundo vya vidole nyufa zilikuwa zimezungukwa na magamba. Alinipokonya mkono wake. "Ni magaga tu," alisema. "Yamepotea njia. Yalikuwa yaenda miguuni."

Nikaanza kuuliza maswali, kama ilivyo desturi yangu mbaya. Niliuliza ananawa vipi, kwa nini, na mara ngapi. Alikuwa na sheria aliyopewa na somo wake: mkono unaosinga uwe mkavu. Mkono wa mafuta huifanya singo iteleze bila kuchukua kitu. Na zaidi ya hapo, mafuta hubeba harufu, na harufu ya bi harusi mmoja haifai kuingia nyumba ya bi harusi mwingine. Huo ndio mwanzo wa wake kuoneana wivu. Kwa hivyo kila alipomaliza msichana mmoja alinawa kwa sabuni ya mche mpaka viwiko, kisha akakata ndimu na kujisugua nayo viganjani na kati ya vidole, hata kama mikono ilikuwa na vidonda. Na maji yenyewe, siku ambazo mfereji haukutoa, na zilikuwa nyingi, yalikuwa ya kisima chetu cha Muyeye, ambacho ukichemshia chai huna haja ya chumvi.

"Nani alisema ndimu?" nilimuuliza.

"Somo wangu."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

"Na somo wake. Endelea hivyo hivyo, mwanangu, utafika kwa Bibi Hawa, na yeye utamkuta ameshika ndimu."

Alikuwa mcheshi, sitaki msomaji afikiri nilikaa mwaka mzima na mwanamke wa huzuni. Huzuni aliletewa, na waliomletea walikuja na chupa mikononi. Hili ndilo jambo la mwaka ule ambalo bado linanikera, hata sasa ambapo nimeshaona mengi mabaya zaidi: ngozi ya mtu ikipasuka mahali panapoonekana, kila mpita njia hujiona ana ruhusa ya kuisoma. Jirani mmoja alileta mafuta ya simsim na kueleza kwamba ni kijicho, kwamba mikono iliyopamba wanawake wazuri lazima ipigwe jicho. Mwingine alileta mafuta ya habasoda, na alipokuwa akiondoka nilimsikia nje ya dirisha akimwambia mwenzake, "Mimi siwezi kuketi naye sahani moja. Wajuaje kama si ukoma?" Mwalimu wa madrasa alimwandikia kombe la aya sahanini kwa zafarani, likaoshwa kwa marashi, akalinywa kwa adabu, na mwalimu akamuuliza kama katika kazi yake amewahi kumfundisha msichana jambo lisilompendeza Mungu. Halati alimjibu kwamba alichowafundisha ni kuoga na kunyamaza, na la pili hawakulishika. Lakini baadaye alikaa peke yake jikoni, akitenganisha mchele na vijiwe kwa ncha za kucha, kwa sababu ncha za vidole zilikuwa zimepasuka.

Mtu pekee aliyeleta dawa bila hukumu alikuwa Kadzo, aliyepanga chumba kwa jirani na aliyekuwa akikaanga viazi karai pale kwenye kona. Kwao ni Matsangoni. Alikuja na chupa ya soda iliyojaa mafuta ya mbarika, mazito kama asali, aliyotengenezewa na hawe wake, yaani bibi mzaa mama, akayaweka mezani na kusema, "Paka, ufunge mifuko ya nailoni, ulale. Ikikataa, ikatae." Nilimuuliza kama amewahi kumwona mtu aliyepona. Akacheka. "Msomi wewe, wataka shahidi? Hawe ana miguu kama gamba la mnazi na mafuta anayo nyumba nzima. Lakini yanafanya usingizi uwe mzuri." Ndiye pia aliyetwambia kwamba mumewe huziba magaga yake ya kisigino kwa gundi ya viatu. "Anatembea vizuri?" halati akamuuliza. "Anatembea vizuri. Ni kuvua viatu ndiyo kazi." Walicheka mpaka halati akalazimika kujiziba mdomo, na kucheka kule kukampasua ufa katika kifundo alichokuwa amekikunja.

Mafuta ya mbarika yalisaidia kidogo, na ya nazi yaliyochanganywa na nta ya nyuki yalisaidia zaidi, kwa sababu hayakuwa na siri yoyote: yalizuia maji kutoka kwenye ngozi. Asubuhi nyufa zilikuwa zimelainika, kingo zake zimelala. Kisha akaja mtu kumwita kwa bi harusi, naye akaiosha kazi yote ya usiku kwa sabuni na ndimu. Alijaribu pia hina, aliyoijaza viganjani kama udongo, na kwa siku chache ilionekana ni mapambo. Wanawake walisema mikono yake mizuri. Hina ilipofifia, nyufa zilibaki na rangi ndani yake, mistari ya kahawia iliyokoza, na mkono wake ukawa kama ramani ya mito. Ndipo alipoanza kula kwa kijiko. Kwa watu wengine kijiko ni kijiko. Katika nyumba ya harusi, ambako wanawake wanne au watano wamezunguka sinia moja la biriani, mmoja akiomba kijiko na sahani ya peke yake, mazungumzo hukatika. Nilikuwa nimeketi naye. Niliona jinsi walivyosogea kumpa nafasi ambayo hakuiomba.

Nilimpeleka zahanati. Daktari alikuwa msichana wa umri wangu, amechoka, na aliitazama mikono ile bila kukunja uso, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miezi. Alimuuliza kazi yake, akasikiliza yote mpaka ndimu, na akasema ni ngozi iliyochoshwa na maji, sabuni na tindikali ya ndimu, kwamba haiambukizi, kwamba si jicho la mtu. Dawa yake ilikuwa mafuta mazito ya mgando, yapakwe mkono ukiwa bado na unyevu, mara nyingi kwa siku. Soksi za pamba juu yake wakati wa kulala. Glavu za mpira akigusa maji. Ndimu iachwe kabisa. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Halati alimsikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Na nikivaa mpira, daktari, nitamsinga bi harusi vipi?"

"Labda upumzike kazi kidogo, mama."

"Kidogo ni mpaka lini?"

"Mpaka ipone. Na ukiirudia kazi vile vile, itapasuka tena."

"Basi hiyo si dawa," halati akasema kwa upole, akijifunga buibui. "Hiyo ni talaka."

Njiani nilimweleza tena, kwa maneno yangu, na kwa maneno ya chuo, na kwa maneno ya kitoto. Nilimwambia singo yaweza kusuguliwa kwa kitambaa. Nilimwambia asome mwili kwa macho. Alinijibu kwamba mimi sijawahi kumshika msichana anayetetemeka. Kwamba ngozi ya mtu humwambia mkono mahali penye hofu, penye maumivu, penye alama ya kupigwa ambayo mama mtu hakuisema. Na kwamba aliwahi kuijua mimba changa kwa kiganja kabla ya mwenyewe kuijua, akaizungumza faraghani na harusi ikaharakishwa na watu wakala pilau yao salama. "Mwili wa mtu hausomwi kwa mpira," alisema. Sikuamini yote hayo. Mpaka leo siamini lile la mimba. Lakini nilielewa kwamba tulikuwa tukizungumzia vitu viwili, mimi ngozi yake na yeye ngozi za wengine, na kwamba katika mabishano ya namna hiyo mwenye kusema kweli hapati chochote.

Kisha ikaja habari ya Nuru. Nuru ni binti pekee wa Halati Rahma, na tangu azaliwe ilijulikana nani atamsinga, kama inavyojulikana nani atamzika nani. Halati Rahma aliolewa vizuri na kuhamia Shela, mtaa wa hapo hapo Malindi, katika nyumba ya vigae na mapazia mazito, na harusi ya binti yake ilipangwa mfunguo mosi, mara baada ya Idi. Alikuja Muyeye jioni moja ya Ramadhani, mara baada ya kufuturu. Nilikuwa chumba cha kati, na kati yangu na wao palikuwa na pazia tu. Nilisikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani na kaimati zikisukumwa.

"Dada, nionyeshe mikono."

"Ya nini?"

"Nionyeshe tu."

Kisha Halati Rahma akasema: "Watu wa upande wa mume wanakuja kutoka Mombasa. Shangazi zake ni wanawake wa maneno. Wataingia chumbani, wataona. Mimi mtoto wangu si wa kusemwa."

"Nimemsinga mama yake bwana harusi mimi, alipoolewa kutoka huku. Mwambie akuonyeshe ngozi yake."

"Hiyo ilikuwa zamani, dada. Nakwambia kwa mapenzi. Ikipona, kazi ni yako na heshima ni yako. Isipopona, kuna yule mwenye saluni, amesomea. Wewe utakaa uongoze."

"Nikae niongoze," halati alirudia. Halati Rahma alipoondoka aliacha sahani ya sambusa, na alikuwa ameleta pia, kama wote, kichupa cha mafuta.

Tangu jioni ile dawa haikuwa tena jambo la maumivu. Ilikuwa mbio za kuifikia siku. Aliacha kunisikiliza hata kwa adabu. Aliyafuta mafuta ya mgando niliyompaka kwa kusema yanachelewa, na kweli yalikuwa yanachelewa. Ngozi hujijenga kwa mwendo wake, haijui Idi ni lini. Siku moja nikamkuta na kopo dogo la plastiki lenye kifuniko cha rangi ya waridi, ambalo alilipata sokoni kwa muuza vipodozi, yule anayechanganya mwenyewe mikorogo ya kuwang'arisha wanawake. Halikuwa na maandishi yoyote. Ndani mlikuwa na mafuta meupe yenye harufu ya ubani wa kutafuna. Nilimwambia naamini mle ndani mmetiwa dawa kali ya hospitali, ile ya kutuliza mwasho wa ngozi, ambayo huponyesha haraka sana na huku inaikondesha ngozi mpaka inakuwa kama utando wa yai. Na kwamba atakapoiacha, au hata kabla, mambo yatarudi kwa kisasi. Alinitazama akipaka. "Wajua au wadhani?"

"Nadhani. Sina maabara."

"Basi mimi nitajua," alisema, "na wewe endelea kudhani."

Iliponya. Wiki haikwisha nyufa zilifunga, wekundu ukatoweka, magamba yakaanguka, na viganja vyake vikawa vya rangi moja, vinang'aa kidogo. Alirudi kwenye sinia. Alikula kwa mkono mbele ya jirani yule aliyetaja ukoma, akimega wali polepole, akikunja vidole kama mtu anayecheza. Alikanda mahamri akiimba. Kadzo aliishika mikono ile, akaigeuza juu chini, akasema, "Huyo muuza kopo ni mchawi," kisha akaongeza, akinitazama, "Nasema kwa uzuri, msomi, usininunie." Sikununa. Niliona jinsi ngozi ya juu ya vidole ilivyokuwa nyembamba, jinsi ilivyofanya mikunjo midogo kama karatasi iliyolowa ikakauka, na nikanyamaza kwa sababu hakuna aliyekuwa akiuliza. Halati Rahma alikuja, akaishika mikono ya dada yake na kuinyosha kwenye mwanga wa dirisha, kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Akaibusu. "Alhamdulillahi," alisema. "Kazi ni yako."

Siku ya kwanza ya kumsinga Nuru nilikwenda naye kubeba vyombo. Chumba kilikuwa ghorofani, kimefungwa mapazia, mkeka mpya umetandikwa juu ya vigae, chetezo kinafuka pembeni. Shangazi wa Mombasa walikuwa wameketi kitandani wakila halua na kutazama. Halati Saada aliingia kama anavyoingia mwenye nyumba. Alimvua Nuru kanga ya mabegani, akamweka kiganja mgongoni na kukiacha pale kwa muda, na nikaona mabega ya Nuru yakishuka. "Wewe hujalala," halati alimwambia. Nuru akacheka, akafuta machozi, akasema ni kweli. Wale shangazi wakatazamana, na mmoja akakubali kwa kichwa. Kwa saa moja hivi sikuwa na swali lolote. Nilikuwa ninaona mtu anaifanya kazi yake.

Singo ni mchanga mchanga. Ndiyo sababu yake ya kuwa. Nilikuwa nimeshika bakuli na kwa hivyo niliona kabla ya wengine. Vipande vilivyokuwa vikitoka mgongoni mwa Nuru vilikuwa vya manjano, kisha kati yake vikaanza kutoka vya waridi. Halati naye aliona. Aliongeza singo kavu juu yake na kuendelea kusugua, kwa kasi zaidi, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Ngozi yake mpya ilikuwa ikitoka pamoja na singo. Kisha mkono wake ulishuka ubavuni mwa Nuru na kuacha mstari mwembamba mwekundu, ulionyooka, kama uliochorwa kwa hina.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa mtu angepiga kelele. Nuru aligeuza shingo, akaona, akajifunika kanga na kusema kwa sauti laini sana, "Halati, pumzika kidogo." Mmoja wa shangazi aliweka chini sahani ya halua. Halati Rahma alitoka, akarudi na kiti cha mbao chenye mto wa mahameli, akamkalisha dada yake karibu na dirisha, akamfuta mikono yeye mwenyewe kwa taulo jeupe, na taulo likaondolewa haraka. Nusu saa baadaye yule mwanamke wa saluni alikuwa ameshafika. Alikuwa na adabu. Alimwamkia halati shikamoo, akamwomba ruhusa ya kuanza, na akavuta kutoka kwenye mkoba wake glavu nyembamba za mpira, akazivaa, moja, halafu nyingine, zikilia kwenye vifundo.

"Tuongoze, bi mkubwa," alisema.

Halati Saada aliongoza. Alisema mahali pa kuanzia na mahali pa kumalizia. Mwanamke wa saluni alisema naam kwa kila jambo, na mikono yake ilikwenda ilikozoea kwenda. Wanawake walikuja mmoja mmoja kwenye kile kiti kumsifu halati, wakimwambia bila yeye harusi isingekuwa harusi. Wakamletea kahawa na halua, na juu ya sahani, kabla hajaomba, walikuwa wameshaweka kijiko.

Hakuitwa tena na mtu. Hakuna aliyemwambia asije. Watu wa kwetu hawasemi hivyo. Waliendelea kumpelekea kadi za mwaliko, kiti kikawa kinamngoja kila harusi, na mtoto wa mwenye saluni akawa anakuja kununua singo kwake, maana hakuna aliyeisaga vizuri zaidi. Mikono iliharibika vibaya baada ya kopo lile, vibaya kuliko mwanzo, na alikaa miezi akiifunga vitambaa. Kisha, kwa kuwa hakuwa na bi harusi wa kumnawia, sabuni ilipungua na ndimu ikabaki ya samaki. Aliyapaka mafuta ya mgando bila kusahau, kwa sababu hakuwa na sababu tena ya kuwa mkavu. Dawa ya daktari ilifanya kazi sawasawa na alivyosema. Nilipopata kazi Nairobi, mwisho wa mwaka ule, na kuja kumuaga, aliniwekea kiganja shavuni, nacho kilikuwa bado na mikwaruzo kidogo. "Furahi, daktari," aliniambia. "Naona napona."

Niliisikia hiyo sentensi kwa miaka, na bado naisikia. Nilikuja siku za Idi, nikampigia simu Ijumaa, nikamletea mafuta mazuri ya duka la dawa. Tulizungumza habari za bei ya nazi na ndoa za watu.

Siku ile ya kumwosha, kabla hatujaanza, Halati Rahma alipita na boksi la glavu akimgawia kila mtu. Siku hizi ndivyo inavyofanywa, na ni jambo la busara. Mimi mwenyewe ningelishauri. Bi Zena alikataa za kwake, alisema ameosha watu kwa mikono yake maisha yote na hajazoea. Sisi wengine tulivaa. Nilivaa za kwangu mpaka mwisho, mpira ukiwa umebana vidoleni, na Bi Zena alipomaliza kusema lile neno lake la bi harusi, alinikabidhi mkono wa halati niuoshe. Niliuosha kidole kwa kidole, nikauzungusha, nikapitisha kidole gumba changu katikati ya kiganja kama alivyofanya yeye. Nilihisi maji ya vuguvugu, na mpira, na uzito. Mimi ambaye sijawahi kupokea neno la mtu bila kulihoji, nikapokea neno la Bi Zena kwamba ulikuwa laini, na nikaulaza mkono ule ubavuni pake.